Sura ya Sita: Hasara Hulala kwa Nani

Simama kwenye stendi ya Kayanga, Karagwe, uulize ni nani hapa anafanya kazi katika kampuni ya kimataifa. Utatajiwa watu wachache: kijana wa mauzo mwenye fulana ya nembo na pikipiki ya kampuni, fundi wa mnara wa simu anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, na pengine mtoto wa fulani aliyepata kazi kwenye bomba la mafuta huko Muleba. Waliobaki watajiita wakulima, wachimbaji au wafanyabiashara. Orodha hiyo ni fupi mno. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa wapo watu wengi ambao viwango vya kazi yao na malipo yake hupangwa London, Johannesburg, Hamburg au Singapore. Mkataba hawana, hati ya mshahara hawana, na hao wanaowapangia hawawajui hata kwa jina.

Tumezoea kumtambua mwajiriwa kwa makaratasi: barua ya ajira, kitambulisho shingoni, mshahara benki. Kwa maeneo kama haya kipimo hicho hakitoshi. Sura hii inatumia kingine: biashara ikienda mrama, hasara inalala nyumbani kwa nani? Mwajiriwa kamili ni yule ambaye mwezi wa hasara na mwezi wa faida humkuta na mshahara ule ule, na akiumia kazini kuna mfuko wa kumlipa. Mwenye kampuni ndiye anayepaswa kukosa usingizi. Historia ya makampuni makubwa katika kona hii ya Kagera ni ya kuipata kazi ya watu huku kukosa usingizi kukiachiwa watu wenyewe. Tuitazame mahali patatu: kwenye mashimo ya bati, kwenye mibuni na kwenye vibanda vya miamala. Kisha tutawarudia wale wachache wenye vitambulisho shingoni.

Bati

Anayesoma jiolojia ya ukanda huu, kuanzia Ankole hadi Burundi, hukutana na jina la Karagwe vitabuni, kwa kuwa mfumo wa miamba ya huku ulipewa majina ya Karagwe na Ankole. Ndani ya miamba hiyo mna bati. Enzi za Waingereza lilichimbwa na makampuni ya kigeni, Kyerwa Syndicate ikiwa mojawapo, na hiyo ndiyo ilikuwa ajira ya kwanza ya kampuni ambayo vilima hivi viliijua.

Kazi za namna hiyo Tanganyika nzima zilikwenda kwa kipande. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi thelathini. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama, na malipo yalisubiri kadi ijae. Siku ya homa haikuwa na alama. Ulikuwa mpango mkali, wenye nyapara na adhabu, lakini ukiupima kwa kipimo chetu utaona kwamba hasara iligawanywa mara mbili. Siku iliyopotea ilikuwa ya kibarua. Shimo lililokosa madini, mashine iliyoharibika na bei iliyoshuka London vilikuwa vya kampuni.

Mgawanyo huo haupo tena. Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati duniani lilifilisika, soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Katika mashimo ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kazi leo ni ya wachimbaji wadogo: mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo, na vijana wenye sululu, nyundo na karai wanaolipwa kwa mgawo. Wakikuta mwamba mtupu kwa wiki tatu, hakuna mgawo. Duara likiporomoka, familia huchangishana. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ambao mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara, hulipa wafanyakazi wa waajiri, na huyu hana mwajiri.

Ila anao wateja, na ni wakubwa. Bati ndilo linalounganisha vipuri kwenye bodi ya kila simu na kila kompyuta. Kutoka shimoni hupita kwa mnunuzi mwenye leseni, likaenda kwa msafirishaji, likayeyushwa, mara nyingi Asia, likauzwa kwa watengenezaji wa risasi ya kuchomelea, likafika kwenye viwanda vya makampuni ambayo majina yake kijana wa duara anayajua kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kila hatua ina mfanyabiashara anayejitegemea. Hakuna hatua ambayo mtu anamwajiri mchimbaji.

Pamoja na hayo, amri zinamfikia. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaliyo kwenye masoko ya hisa ya huko yatoe taarifa kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yanazotumia zinatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Waliotunga walikuwa wakiwaza vita vya Kivu. Tanzania inapakana na Kongo kwa maji ya Ziwa Tanganyika, basi na Kyerwa ikaingia kwenye orodha. Tangu hapo bati lisilo na cheti cha ICGLR, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, lilikuwa bati la kukwepwa na wanunuzi wakubwa au la kununuliwa kwa bei ya kutupa, na njia za magendo kuvuka mpaka zikanoga. Serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, kazi mojawapo ilikuwa hiyo: kupima, kuandika, kutoza mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na kulipatia jiwe historia inayosomeka nje.

Kwa hiyo mchimbaji wa Kyerwa ana masharti ya kazi kutoka Washington bila kuwa na kazi Washington. Machi 2025 mgodi wa Bisie huko Walikale, Kivu Kaskazini, ulisimamisha shughuli waasi wa M23 walipokaribia. Bisie peke yake ilikuwa ikitoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia, hivyo bei ikaruka. Aliyekuwa na mzigo siku hizo alifaidi kidogo. Mambo yakitulia na bei ikashuka, hakuna atakayemfuata kumlipa tofauti. Faida humfikia imepungua kwa kupita mikono mingi, hasara humfikia nzima.

Kahawa

Kahawa ya Kagera ni ya kale kuliko kampuni yoyote. Wanyambo na Wahaya waliitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa, na mgeni alikaribishwa kwayo muda mrefu kabla haijawa zao la meli. Ilipokuwa zao la meli, ikaja na amri. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizigomea kanuni za serikali ya kikoloni zilizowaelekeza namna ya kuitunza mibuni yao wenyewe. Walichokikataa kilikuwa rahisi kukieleza: shamba ni langu, jasho ni langu, na mti ukifa ni wangu, sasa mbona maelekezo ni yako?

Jibu walilolijenga baadaye ni ushirika. Chama kikuu cha Bukoba kiliundwa mwaka 1950. Vyama vikuu vikafutwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU, chenye makao Kayanga. Kilizaliwa wakati mgumu. Mwaka mmoja nyuma, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulikuwa umevunjika, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Miaka michache baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kabla muongo haujaisha mnyauko fuzari ukaingia Kagera na kukausha mibuni shamba kwa shamba, ikabidi watafiti wa kahawa wa TaCRI, kituo cha Maruku, wahangaike kutafuta aina zinazouhimili.

Wakati mkulima wa Nyaishozi akichoma mibuni iliyokauka, wachomaji wakubwa wa kahawa Ulaya walifanya nini? Walinunua Vietnam, nchi iliyokuwa ikipanda robusta kwa kasi hadi ikawa ya pili duniani kwa kahawa. Ugonjwa ulioangamiza akiba ya uzeeni ya kaya huku Karagwe, kwa mnunuzi ulikuwa suala la kubadilisha bandari. Hapa ndipo kampuni ya kimataifa inapotofautiana na tajiri wa mjini. Tajiri wa mjini anahitaji shamba lako lipone. Kampuni yenye matawi nchi arobaini inahitaji tu kahawa ipatikane mahali fulani.

Bei ya robusta huamuliwa kwenye soko la London, kwa mikataba ya tani kumi kumi. Mkulima wa ekari moja hawezi kuingia humo, na wala hamjui anayeingia. Anachokijua ni maganda: kahawa iliyoanikwa juani ikakauka na gome lake, ikapimwa kwa kilo kwenye chama cha msingi, AMCOS. Pale hulipwa malipo ya awali, makato yakiwa yamekwishatolewa, ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 ukiwemo. Kati ya ua la kahawa na siku ya malipo kuna miezi mingi, na ada ya shule haisubiri. Ndiyo sababu butura haifi. Anayebanwa huuza kahawa ikingali mtini, mara nyingine ikiwa maua, kwa mlanguzi mwenye fedha taslimu. Viongozi wameikemea miaka nenda rudi, na wana haki, maana riba iliyofichwa ndani yake ni ya kutisha. Ila butura ni dalili ya jambo pana zaidi: mtaji wa kuendesha msimu mzima wa biashara hii ya dunia umeachiwa kaya ya Karagwe, na kaya ikishindwa, hukopa kwa aliye karibu.

Mwaka 2018 serikali iliamuru kahawa yote ipitie ushirika, wanunuzi binafsi wasiingie tena vijijini. Malipo yalipochelewa, magunia yalivuka Mto Kagera usiku kuelekea Uganda, ambako fedha ilikuwa mkononi. Viongozi wa pande mbili walilaumiana, doria zikaongezwa mpakani Murongo, vijana wakakamatwa na pikipiki zao. Katika vuta nikuvute hiyo yupo ambaye hakupoteza kitu. Makampuni makubwa ya biashara ya kahawa duniani yana matawi Uganda na Tanzania pia. Gunia likitokea Mombasa au Dar es Salaam, mwisho wa safari linaweza kuingia ghala lile lile.

Kisha bei ikageuka. Ukame wa Vietnam na upungufu wa dunia vilipandisha robusta ya London, iliyokuwa ikichechemea kwenye dola 1,300 hivi kwa tani mwaka 2020, hadi kupita dola 5,000 mwaka 2024. Minada ya Kagera ikachangamka, nyumba za bati zikaota. Hiyo ni furaha ya kweli na haipaswi kubezwa. Lakini mkulima aliyepandiwa bei na ukame wa Vietnam atashushiwa bei na mvua ya Vietnam, na hiyo ndiyo hali ya mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ambayo haijawahi kumwajiri.

Kuna njia moja iliyojaribu kuhamisha sehemu ya hasara hiyo kwenda kwa mnunuzi. Ni biashara ya haki, Fairtrade, ambayo KDCU imeuza kahawa kupitia kwayo. Kwa viwango vilivyoanza Agosti 2023, robusta ya kukaushwa juani haipaswi kununuliwa chini ya dola 1.20 kwa ratili, hata London ikianguka, na juu yake huongezwa senti 20 za maendeleo ya wanachama. Bei ya soko ikiwa juu, sakafu hiyo haionekani kama ina kazi. Kazi yake huonekana mwaka wa anguko. Nayo haitolewi bure: mkulima husajiliwa kwa namba, shamba hukaguliwa, dawa zilizokatazwa huachwa, kumbukumbu hutunzwa.

Umoja wa Ulaya nao umeleta lake. Sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka kila kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba gani hasa, kwa alama za satelaiti, na shamba hilo lisiwe msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba haisubiri. Nia ni njema na misitu inahitaji kulindwa. Swali la sura hii linabaki palepale: kuzunguka na kifaa cha kuchukua vipimo, kuandika majina, kurekebisha makosa ya mipaka, ni saa za kazi za watu. Mnunuzi akizihitaji hizo taarifa ili auze Hamburg, basi ni sehemu ya bidhaa anayonunua, na bei iseme hivyo.

Kibanda cha miamala

Kama kuna ajira ya kimataifa iliyosambaa kila kona ya wilaya hizi mbili, kuanzia Omurushaka hadi Nkwenda na Kaisho, ni ya wakala wa fedha kwa simu. Kibanda kimoja huwahudumia mabwana wengi: Vodacom ya Johannesburg iliyo chini ya Vodafone ya Uingereza, Airtel ya Wahindi ambayo serikali yetu ina asilimia 49 ya tawi lake, Yas ya kundi la Axian la Madagaska iliyorithi Tigo, na Halotel ya Viettel, shirika la wizara ya ulinzi ya Vietnam. Nchi ile ile inayoshindana na Karagwe kwenye kahawa inamiliki laini ambayo mkulima anapokelea malipo ya kahawa.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na anayekumbuka namna fedha zilivyotumwa kabla ya hapo, kwa bahasha mkononi mwa kondakta, hatayalaani makampuni haya. Yalileta jambo kubwa. Tuangalie tu kazi yenyewe inavyofanyika.

Chukua wakala mwenye mtaji wa shilingi milioni mbili, nusu taslimu na nusu floti, yaani salio la kwenye simu. Msimu wa kahawa, AMCOS zikilipa, kila mtu anakuja kutoa. Taslimu inaisha kabla ya saa nne asubuhi, floti inajaa kwenye simu bila kazi, na wateja wanaondoka kwenda kibanda cha pili. Januari mambo hugeuka: wazazi wanaweka fedha za ada, taslimu inajaa kwenye droo, floti inakauka. Mara zote mbili dawa ni ile ile, safari ya bodaboda hadi benki Kayanga na fedha kwenye begi la mgongoni. Akivamiwa njiani, hasara ni yake. Noti bandia ni yake. Namba iliyokosewa tarakimu moja, yake kuifuatilia. Mtapeli akimpigia kwa sauti ya mtu wa huduma kwa wateja na kumwomba namba ya siri, ni yake pia. Kodi ya fremu, mwavuli, taa, leseni ya biashara, mlinzi wa usiku: vyote vyake. Kampuni imempa mtandao, rangi za kupaka na jedwali la kamisheni ambalo hakuliandika.

Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala, somo hili lilionekana wazi. Watu walipunguza kutuma, wakarudi kubeba fedha mfukoni. Makampuni yalipata pigo na yakalisema kwenye taarifa zao. Wakala hakuwa na taarifa ya kuandika. Alikaa kwenye benchi lake, kodi ya fremu ikaendelea kuhesabu. Tozo ilipunguzwa mwaka huo huo, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikafutwa kwenye miamala ya kutuma. Aliyekuwa amefunga kibanda katikati hakufidiwa na yeyote.

Mlango mmoja ulifunguliwa kwa watu wa kawaida wanaotaka kukaa upande wa pili wa meza. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, shilingi 850 kwa hisa, ikakusanya shilingi bilioni 476 na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bei ya hisa hiyo baadaye ilishuka, na walionunua wakaionja hasara ya wenye mali. Tofauti ni kwamba mwenye hisa, hata moja, anaitwa kwenye mkutano mkuu na kupewa hesabu. Wakala anayebeba hatari kubwa kuliko hiyo haalikwi.

Wenye kitambulisho shingoni

Turudi kwa wale wachache. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, una urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, na mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda 15 kila moja. Haligusi Karagwe wala Kyerwa, lakini linapita Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo, umbali ambao kijana wa Kihanga huufuata bila kuwaza mara mbili. Kusini, Ngara, kuna nikeli ya Kabanga, iliyotafitiwa tangu miaka ya 1970 na kupita mikononi mwa Barrick na Glencore kabla ya Tembo Nickel kuundwa mwaka 2021, serikali ikiwa na asilimia 16. Mpakani Murongo lipo bwawa la umeme la Kikagati la megawati 14, mradi wa mtaji wa nje ambao umeme wake unagawanywa kati ya nchi mbili.

Ukweli usemwe: aliyeingia kwenye ajira ya namna hii mara nyingi anatendewa kisheria kuliko aliyeajiriwa na tajiri wa dukani. Mshahara una tarehe. Michango ya NSSF, asilimia 20 kwa jumla, inapelekwa. Kuna bima ya matibabu, buti, kofia ngumu na miwani. Kila asubuhi kabla ya kazi kuna kikao kifupi cha usalama, na kijana anafundishwa jambo ambalo kwetu ni geni kabisa: kumwambia mkubwa wake, bila kuomba radhi, kwamba hapa pana hatari na kazi isimame. Wengi huondoka na cheti cha udereva wa mitambo au uchomeleaji kitakachowalisha maisha yote.

Ugeni wenyewe ni mzigo pia. Mtoto aliyelelewa kusalimia wakubwa kwa heshima zote anaambiwa amwite meneja wa miaka sitini kwa jina la kwanza. Baruapepe ni Kiingereza, na anayeelewa kazi vizuri lakini akasita kwenye Kiingereza hupitwa na msemaji. Tathmini hufanywa kwa alama na mtu aliye nchi nyingine ambaye hajawahi kuona matope ya masika. Uamuzi wa kupunguza watu unaweza kufika siku ambayo kazi imekwenda vizuri kabisa, kwa sababu ya jambo lililotokea kwenye bara jingine. Tena wengi hawaajiriwi na kampuni yenye jina. Wanaajiriwa na mkandarasi wake, au mkandarasi wa mkandarasi, kwa mkataba wa kazi maalumu, na kazi ikiisha na mkataba umeisha.

Nyumbani wanapokelewa kama watu wa dola. Hapo huanza ajira ya pili: ada za wadogo, michango ya harusi, bati la nyumba ya mama. Mkataba wa miezi minane umebeba matarajio ya miaka thelathini. Anayeanza kazi hii afanye hesabu zake kwa urefu wa mkataba, asizifanye kwa ukubwa wa mshahara.

Maswali saba ya sheria

Sheria ya Tanzania haijalala katika jambo hili. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba wake utakavyoitwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo saba. Je, namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine? Saa zake zinapangwa na mwingine? Ni sehemu ya taasisi hiyo? Amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea kwa riziki? Anapewa vitendea kazi? Anamfanyia kazi huyo mmoja tu?

Mpime kijana anayetembeza laini za simu kwa kamisheni, mwenye fulana ya kampuni, eneo alilopangiwa na lengo la kila wiki. Ana hoja ya kusikilizwa. Mpime wakala wa kibanda mwenye laini nne. Hoja yake ni dhaifu, kwa kuwa wengi wanaomtumia ni sawa na kukosa mmoja wa kumdai. Mpime mkulima, na sheria ya kazi haimwoni kabisa.

Aliye ndani ya ajira ana ngazi za kupanda. Wiki ya kazi ni saa 45, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi 84. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka akiachishwa hudai kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, isipokuwa kama aliachishwa kwa kosa la nidhamu. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huisha haraka kwa mtu aliyerudi kijijini kujipanga upya, hivyo barua ya kuachishwa isomwe siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hati ya mshahara, mkataba na ujumbe wa simu wa msimamizi ndilo daftari la mfanyakazi. Wachimbaji na wajenzi wana chama chao, TAMICO. Wa viwanda na biashara wana TUICO. Mtu mmoja kuiandikia kampuni yenye mawakili mabara matatu ni kujichosha.

Pale penye sauti

Kwa walio wengi huku, ambao sheria ya kazi haiwafikii, chombo kilichobaki ni kimoja, nacho wanakimiliki tayari: mkutano mkuu wa chama cha msingi. Hapo ndipo mtu wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuigusa mikataba ya makampuni makubwa kwa haki na si kwa hisani. Kwa kawaida mkutano huo huishia kwenye makato, posho za bodi na gunia lililopungua kilo mbili. Hayo ni ya haki, lakini fedha kubwa ziko kwenye ukurasa ambao haufunguliwi.

Mwanachama na aulize mambo manne. Kahawa yetu ilinadiwa siku gani, na London siku hiyo ilikuwa dola ngapi? Iliyouzwa kwa mkataba wa moja kwa moja, bei ilifungwa lini, na ikishuka kati ya kufungwa na kupakiwa, nani anabeba pengo? Vipimo vya mashamba tulivyochukua kwa ajili ya Ulaya vimelipiwa na nani, na taarifa hizo ni mali ya chama au ya mnunuzi? Na ni mkopo gani, kwa riba gani, unaweza kutolewa Februari kupitia chama ili mwanachama asiuze maua?

Bodi isiyo na majibu itapaswa kuyatafuta, na mwakani haitasaini bila kuuliza. Asiyekuwapo na lake halipo. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, kwa tarakimu, kisha yasomwe tena kwenye mkutano wa mwaka unaofuata, kabla ya ajenda ya posho.